Mwandiko wa Masika

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa chumba cha michoro, mlinipa saa ya ukutani na kreti ya soda, mkasema, "Mzee Eze, tuandikie mambo ya kazi yasije yakapotea." Nilicheka moyoni. Mtu hupewa saa siku ile ile anayokuwa hana tena pa kuwahi. Lakini niliitikia, na ahadi ni deni, kwa hiyo naandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini, hayo yana mafaili yake huko ofisini. Nitawaeleza habari za mkono huu, ulioandika maneno ya Masika tangu sina mvi hata moja, na jinsi nilivyonyang'anywa ungali umeshikana na bega langu.

Nyinyi mmemkuta Masika yumo kwenye kompyuta, mkadhani alizaliwa humo. Masika alizaliwa Kilosa, katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, kilichokuwa kikichapa vitabu vya nyimbo na vyeti vya ubatizo. Aliyemzaa ni Mzee Sekwao, mtu wa milimani kama mimi, mpanga herufi za risasi, aliyeruhusiwa kutumia mabaki ya karatasi kuchapa katuni yake kila mwezi. Wakubwa walidhani ni kitu cha kuwafurahisha watoto wa Jumapili. Walipokuja kushtuka, watu walikuwa wanaisubiri katuni kuliko vitabu vya nyimbo.

Masika ni shujaa anayekuja na mvua. Hana misuli ya ajabu wala hapigi watu ngumi. Ana shuka jeusi begani, na mto Mkondoa ukifurika yeye hulitandika juu ya maji, maji yakatulia kama mtoto aliyefunikwa. Nguvu zote zimo katika lile shuka, na shuka alipewa na mjomba wake. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi nzima. Watu wa milima ile, na wenzetu wa tambarare pia, tangu zamani ukoo tunauhesabu kwa mama. Mtoto uliyemzaa wewe mwanamume ni wa ukoo wa mkeo. Atakayekaa kwenye kigoda chako na kuitwa jina lako ukishaondoka ni mtoto wa dada yako. Kwa hiyo Masika akifa, mpwa wake anavaa shuka na yeye ndiye anakuwa Masika. Shujaa hafi, anarithiwa.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda kuomba kazi ya kufunga vitabu. Mzee Sekwao aliniona nikisaini jina langu, akanivuta mezani kwake, akanichorea kiputo kitupu kilichotoka mdomoni mwa mwanamke, akasema niandike humo: "Maji yamefika mlangoni." Niliandika kwa madaha yote niliyofundishwa shuleni, herufi zina mikunjo kama ushungi. Aliitazama kazi yangu kwa muda.

"Ezekieli," akasema, "huyu mama anaandika barua ya posa au anazama?"

"Anazama, mzee."

"Basi andika kama mtu anayezama."

Nikaandika tena, nikafutiwa kwa wembe. Nikaandika tena. Jioni nilikwenda nyumbani na vidole vyeusi, mke wangu akadhani nimepata kazi ya makaa.

Nibu, zile ncha za chuma za kalamu, zilikuwa hazipatikani madukani enzi hizo, mara nyingi hata sabuni haikuwapo. Mzee Sekwao alinishusha hadi mtoni, tukakata matete, akanifundisha kuchonga ncha kwa wembe, unaikata mshazari kidogo kisha unaipasua katikati ili wino ushuke polepole. Tete lina tabia yake. Ukifika kwenye R, ule mguu wa mbele haukubali kuishia unapotaka wewe, unateleza na kuacha mkia. Niliona aibu nikataka kuufuta. Akanizuia. "Uache. Siku moja utakuwa ndio ushahidi kwamba ulikuwapo." Tangu hapo R zangu zote zina mkia, na hata nibu zilipojaa madukani niliendelea kuchonga matete, maana mkia wa nibu ulikuwa wa kujilazimisha.

Jambo jingine alilonifundisha nawaachia nyinyi, kama lina kazi kwenye mashine zenu. Alikuwa akisema kiputo ni mdomo, na mdomo usiujaze mpaka mtu ashindwe kumeza. Akiona nimebana maneno, alikuwa anaweka kidole juu ya ukurasa na kuguna kama aliyekabwa na ugali. Nimewaona wengi wenu mkiujaza mdomo wa Masika hotuba nzima. Simsemi mtu.

Wasomaji wetu walikuwa na kikao chao. Nyuma ya stesheni ya zamani ya reli palikuwa na fundi baiskeli, na kwa kuwa baiskeli haitengenezwi mara moja, watu walikaa pale na kubishana. Mahali hapo pakaitwa Bungeni. Spika wa Bunge hilo, kwa kujipachika mwenyewe, alikuwa Shabani, mkulima wa mpunga wa Chanzuru, mtu wa tambarare na mtani wangu. Tangu siku ya kwanza aliyonijua hajawahi kuniita jina langu. Aliniita nyani wa mlimani. Mimi nilimwita panya wa mpunga. Alikuwa akija na baiskeli yake siku ambayo katuni inatoka, anausoma ukurasa wa mwisho kwanza, kisha anarudi mwanzo, na wakati wote huo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha.

Masika wa kwanza alipokufa, nilidhani wasomaji watatuchomea kiwanda. Mzee Sekwao alimuua kwa nyumonia, kitandani, kifo cha mtu wa kawaida kabisa. Mpwa wake akavikwa shuka mbele ya ukoo. Kesho yake nikapita Bungeni kwa woga. Shabani alinitazama kwa macho mekundu.

"Nyani, mmemzika bila kutuita?"

"Mlitaka mje kufanya nini?"

"Sisi watani wake. Nani alimtania maiti? Nani alivaa viatu vyake akamwigiza kutembea? Mnazika mtu kama mnafukia mbegu."

Wiki ile walimfanyia matanga pale pale. Shabani alijifunga gunia jeusi begani, akatembea kwa mikogo ya marehemu Masika, akaanguka makusudi katika beseni la maji la fundi, watu wakacheka mpaka wakatoa machozi, na wengine machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akatangaza, "Msiba umekwisha. Huyu mpwa tumempokea." Na hakuna aliyelalamika tena. Nawaeleza haya kwa sababu mnapenda kusema wasomaji wa zamani wanachukia mabadiliko. Si kweli. Walimpokea Masika wa pili, na baadaye wa tatu. Walichotaka ni mabadiliko yaingie kwa mlango.

Kazi ngumu kuliko zote niliyoifanya ilikuja na mafuriko yenyewe. Mkondoa uliingia mjini, ukaingia kiwandani, na tuliporudi tulikuta kurasa za toleo zima zimelowa. Michoro ilipona, maana ilichorwa kwa wino wa dukani. Maneno yangu yote yalikuwa ya wino tuliouchemsha wenyewe kwa masizi, na yote yalikuwa yametiririka. Kila mtu katika kurasa zile amefungua mdomo na hasemi kitu. Muswada nao umekwenda na maji, na Mzee Sekwao yuko hospitali na malaria, anaweweseka.

Akaja Tabitha. Huyu ni mtoto wa dada yake Mzee Sekwao, wakati huo alikuwa msichana wa sekondari, mwembamba, ana tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu. Siku zote za likizo alikuwa akikaa na mjomba wake wakitunga pamoja, mimi nikidhani anamletea chai tu. Alivuta kigoda, akaanza kunitajia maneno kiputo kwa kiputo, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Mahali pamoja nilimwambia, "Hapa nadhani mjomba wako aliandika 'nitarudi'." Akatikisa kichwa. "Masika haahidi kurudi. Anasema 'mvua ikiniita'." Alikuwa sahihi. Mzee Sekwao alipopona akausoma ukurasa huo, akaniambia, "Umemwona? Basi mimi sina wasiwasi."

Laiti angekuwa na wasiwasi.

Alipofariki tulimzika milimani, na siku ya arobaini ukoo ulikaa kuamua nani arithi jina. Kwa kawaida jina la mwanamume huchukuliwa na mpwa wa kiume, na hakuwepo. Wazee walivutana mchana kutwa. Mwishoni bibi mmoja, dada mdogo wa marehemu, akainuka na kusema, "Mnabishana nini? Kichwa cha kaka yangu kimo kichwani mwa huyu." Wakamvika Tabitha shuka begani, wakamkalisha kwenye kigoda, wakapita mmoja mmoja kumwamkia kwa jina la mjomba wake. Mimi nami nikapita. Nilikuwa na umri wa kumzaa, lakini nilipiga goti kidogo nikamwambia, "Shikamoo, Mzee Sekwao." Akaitikia, "Marahaba, Eze." Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikimwamkia hivyo. Watu wasiojua hudhani nimechanganyikiwa.

Kwa ukoo, basi, Masika alikuwa wa Tabitha. Kwa serikali, Masika alikuwa wa watoto wa marehemu, vijana wawili wanaoishi mjini, wala si watu wabaya. Mkubwa wao alinikuta kiwandani nikichonga tete.

"Mzee Eze, tumeelewana na kampuni ya Morogoro. Wanamchukua Masika, na wewe wanakuchukua."

"Na Tabitha?"

"Dada yetu ni mwalimu, ana kazi yake Mikumi. Mambo ya shuka ni mila, sisi tunaheshimu. Ila sheria inatutambua sisi."

Nikaendelea kuchonga. Tabitha alijaribu. Aliandikia kampuni kuomba walau awe mmoja wa watunzi, wakamshukuru kwa upendo wake kwa Masika. Mnajua maneno ya ofisi. Alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii, kumsemesha Masika kama alivyoagizwa na mjomba wake, na kitu hicho wakapewa watu wengine. Alirudi Mikumi kufundisha hesabu za sehemu kwa watoto wa shule ya msingi, huku malori ya kwenda Zambia yakipita dirishani. Kila nilipompigia simu aliniuliza swali moja: "Shuka bado liko kwa mpwa?" Namwambia liko. "Basi bado niko."

Nimefanya kazi na watunzi wengi wa kampuni, wengine mpaka nimesahau majina yao. Mmoja alimpa Masika pikipiki. Bungeni walinung'unika, kisha waendesha bodaboda wakaipenda, ikapita. Mwingine alimpeleka Dar es Salaam akapambane na majambazi wa benki. Shabani akauliza, "Huko Dar mto wao unaitwaje?" na mwaka huo mzima hakununua. Mwingine akaandika kwamba Masika anapaa angani. Hapo Bunge lilichafuka. Vijana walisema inapendeza, mashujaa wote wanapaa. Shabani akasimama na pampu ya baiskeli mkononi.

"Umewahi kuona mvua inapaa? Mvua inashuka. Huyu akipaa si Masika, ni moshi."

Kampuni ilipata malalamiko mengi, ikamshusha. Tulidhani tumeshinda. Mpenzi wa katuni ni kama mwenye shamba karibu na mbuga ya Mikumi, leo amefukuza tembo mmoja, anakwenda kulala kwa furaha.

Nimemaliza utumishi wangu chini ya Brayani, mtunzi wa sasa, na kwa kuwa wengi wenu mnampenda, nami nitasema kweli, kijana huyu nampenda. Ana heshima. Hakuwahi kunipita bila shikamoo. Siku ya kuniaga, wakati nyinyi mnagawana soda, aliniita pembeni.

"Mzee, nataka kumuua Masika. Toleo la masika yanayokuja."

"Si mbaya. Ameshakufa mara mbili. Na mpwa wake?"

Akainamisha kichwa. "Nataka shuka achukue mtoto wake wa kumzaa."

Nilimweleza. Nilimweleza habari za ukoo, za kigoda, za siku ya arobaini, za mwalimu mmoja Mikumi. Alisikiliza yote, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akasema, "Mzee, mimi mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Wajomba zangu siwajui hata kwa sura. Baba ndiye alinibeba mgongoni, ndiye alinifulia nepi, majirani wakimcheka. Alifariki juzi juzi. Nikiandika shuka linatoka kwa mjomba, naandika kitu nisichokijua. Naomba mara moja tu katika hadithi mtoto apokee kutoka kwa baba."

Ningefanya nini na mtu kama huyo? Angekuwa mpumbavu ningemtukana. Nilimshika bega nikamwambia, "Mungu amrehemu baba yako." Nikachukua saa yangu ya ukutani nikapanda basi. Nilijifariji kwamba angalau maneno hayo hayatatoka mkononi mwangu.

Toleo likafika Kilosa wakati wa mvua. Nilikwenda Bungeni kwa miguu, maana sasa mimi ni mtu wa kutembea taratibu. Nikawakuta wamekaa mduara. Shabani ameketi kwenye gurudumu, katuni imefunguliwa magotini, ukurasa wa mwisho. Akanipa. Masika anakufa majini, mwanawe anapiga magoti, na juu yake kiputo: "Baba, nimepokea. Sasa mimi ndiye Masika."

Ulikuwa mwandiko wangu. Mwandiko wangu kabisa! Ile B yenye tumbo la chini kubwa. Ile R katika kiputo cha pili, na mkia wake. Walizichukua herufi zangu kwenye kurasa za zamani, moja moja, wakaziingiza kwenye kompyuta, sasa mtu akibonyeza kitufe mimi naandika. Huenda mlifanya kwa nia njema, kunienzi. Mmoja wenu alinitumia ujumbe wa simu: "Mzee bado uko nasi!" na kipicha cha uso unaocheka.

"Nyani," Shabani akasema, "kwa hiyo ulikuwa unatuaga ukiwa umeshatuuza?"

"Sikuandika mimi."

"Mimi na wewe nani asiyejua R?"

"Ni mashine, Shabani. Wameuchukua mwandiko."

"Mwandiko unachukuliwaje? Mkono umebaki, mwandiko umekwenda? Hata sisi tambarare hatuna uchawi wa hivyo."

Kijana mmoja wa bodaboda akaingilia, "Sasa tatizo nini, wazee? Mtoto kumrithi baba si ndio fea? Mi shamba langu anakula mwanangu, sio mtoto wa sista." Wengine wakamuunga mkono. Mzee mwingine akamuuliza Shabani, "Na wewe si Mwislamu? Mali yako si watarithi wanao?" Shabani akajibu, "Mpunga wangu utagawiwa kwa sheria ya dini. Lakini Masika hajasilimu, hajabatizwa, na hajafika mahakamani. Ana desturi moja tu na hiyo ndiyo mmemvua." Ubishi ukaendelea hadi mvua ikawatawanya, na mimi niligundua kwamba nusu yao hawabishani habari za Masika. Wanabishana habari za viwanja na mashamba ya wajomba zao.

Tabitha alipiga simu jioni ile.

"Eze, nimeona R."

"Shikamoo, Mzee Sekwao. Si mimi."

Hakuitikia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arobaini ya mjomba wake. Nilisikia lori likipita upande wake, kisha simu ikakatika.

Nilikwenda Mikumi kwa basi. Nilimkuta uani kwake anasahihisha madaftari, na amezeeka kuliko nilivyomwacha. Nikamweleza habari ya kompyuta. Alielewa, ni mtu wa shule, lakini kuelewa hakukumsaidia. "Wangetumia herufi za mashine tu nisingeumia," akasema. "Lakini maneno yale kwa mwandiko ule? Watu wataamini mpaka mwisho wa dunia kwamba ndivyo mjomba alivyotaka."

Kisha akaingia ndani akatoka na bahasha kubwa. Ndani yake mlikuwa na hadithi aliyoitunga mwenyewe, na mwalimu mwenzake ameshaichora. Masika anakufa, na mpwa wake, msichana mwembamba, anavikwa shuka baada ya wazee kuvutana mchana kutwa. Viputo vyote vilikuwa vitupu. Nikakumbuka kurasa zile za mafuriko.

"Kwa sheria hii si yetu," nikamwambia.

"Sitaiuza. Nataka isomwe mara moja Bungeni. Wakiipokea wale, inatosha. Mjomba atajua jina lake liko wapi. Niandikie, Eze. Kwa mkono."

Nikakata matete nyuma ya shule. Nikachonga. Sasa nawaambieni jambo ambalo sikuwaambia ofisini, macho yangu yamefifia, na mkono wa kulia una mtetemeko uliokuja na lile shinikizo la damu. Miaka ya mwisho ofisini nilikuwa nikiandika herufi mbili napumzika, nyinyi mkidhani namkumbuka marehemu mke wangu. Niliandika kwenye meza ya Tabitha siku nyingi, yeye akinisomea, mimi nikichovya. Mstari ulikuwa ukiyumba. B zikakosa tumbo. Mkia wa R mara ukatoka mrefu, mara ukakatika. Lakini hakuna neno nililowahi kuliandika kwa moyo kuliko yale. Kiputo cha mwisho msichana anasema, "Mjomba, mvua imeniita." Nilipokimaliza, Tabitha alilia, nami nikajifanya natafuta wembe.

Tukatoa nakala Mikumi, kwenye duka la karatasi na madaftari, tukaja nazo Kilosa siku ya gulio. Bungeni hapakuwa na watu wengi. Treni mpya inapita mbali na pale, na vijana wanasomea kwenye simu. Toleo jingine la Brayani lilikuwa limeshatoka, yule mtoto wa Masika amewazoea, wamemzoea. Kijana wa bodaboda akapekua nakala yetu, akamrudishia Tabitha kwa heshima. "Stori kali, mwalimu. Ila hii si ya kweli, ona maandishi. Mmeiga, ila R haijakaa." Akatoa simu akamwonyesha R ya kweli. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imenyooka, mkia wake umekaa sawasawa kama nilivyokuwa nauweka nikiwa na nguvu zangu.

"Mwandishi wake ni huyu hapa," Tabitha akasema, akaninyooshea mkono.

Kijana akanitazama, akatazama simu. "Sawa, mama," akasema, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Akawasha pikipiki.

Akabaki Shabani. Alikuwa ameuanza ukurasa wa mwisho, akarudi mwanzo, na kama kawaida hatukumsemesha. Tabitha alisimama mbele yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa na hukumu moja tu aliyoingoja tangu mjomba wake alipofariki, na ilikuwa magotini mwa mtu huyu. Shabani alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza alizipanga karatasi vizuri, akazipangusa kwa kiganja.

"Mwalimu," akasema, "hadithi ndiyo yenyewe. Mjomba wako angeandika hivi hivi." Kisha akanigeukia mimi. "Na najua ni mkono wako, nimeuona unavyotetemeka hapo ulipokaa. Lakini huu si mwandiko wa Masika. Nimejaribu. Nikisoma simsikii anasema. Namsikia yule wa toleo la dukani."

Tabitha akazichukua karatasi akazirudisha ndani ya bahasha. Nilimwambia, "Twende, Mzee Sekwao," naye akasema, "Niite Tabitha tu, baba. Shikamoo." Nilichelewa kuitikia, lakini mkubwa haachi shikamoo ikae hewani. Nikasema marahaba.

Shabani akainuka kwa shida, akaegemea baiskeli yake, akanishika mkono ule unaotetemeka, akauweka katikati ya viganja vyake viwili. Nikamtazama usoni, nikangoja aniite nyani, aniambie mlimani hatujui kushika kalamu, aseme lolote la utani ili tucheke tuondoke.

"Pole sana, Ezekieli," akasema.